Alipigwa kwa sababu gani?



Mwaka jana, katika majuma ya Pasaka, kijana mmoja wa darasa langu la Kipaimara alinifuata nyuma ya kanisa. Alizungukazunguka kwanza, akauliza habari za mpira, halafu akasema: «Mwalimu, nikienda kuungama, niseme nini? Nilimpiga mtu. Yatosha nikisema hivyo tu, kwamba nilimpiga mtu?»

Nilijua alikuwa akimnena nani, kwani kartie nzima ilijua. Ameniruhusu kuandika habari hii, nami sitataja jina lake, wala jina la yule aliyepigwa, wala la parokia yetu. Lakini swali lake ninalileta mbele yenu, maana siku ile lilinishinda. Nilimwambia arudi siku ya posho.

Mambo yalikuwa hivi. Kwetu alikaa fundi wa kushona, kijana mpole, mwenye sauti nzuri katika kundi la waimbaji. Watu walimsema kwamba anawatamani wanaume wenziwe. Kama ni kweli au si kweli, sikumwuliza, wala hainipasi kuliandika hapa. Jioni moja simu ya mtu ilipotea karibu na mlango wake. Mmoja akapaza sauti: «Mwizi!» Mwingine akaitikia kwa neno jingine, lile neno la Kifaransa ambalo watoto wetu wanalitupa kama jiwe: «Pede!» Mara watu wakajaa. Mlango ukavunjwa. Wakamtoa nje, wakampiga kwa ngumi na fimbo, wakaivunja cherehani yake. Kesho yake simu ilionekana katika koti la mwenyewe. Fundi alilala dispensere majuma mawili, kisha akahama.

Ndipo mabishano yalipoanza katika shirika letu. Mzee mmoja alisema: «Hapa hakuna neno la chuki. Walidhani ni mwizi. Kwetu mwizi anapigwa, awaye yote.» Mama mmoja anayeuza unga sokoni akamjibu: «Mzee wangu, mwezi uliopita mtoto wa jirani aliiba kweli, akakamatwa na mali mkononi. Tulimpeleka kwa polisi, au sivyo? Wala hakuna aliyeigusa baiskeli yake.» Mzee akanyamaza kidogo. Halafu akasema: «Hata hivyo, yule kijana alijitafutia.»

Sasa yatazameni maneno mawili ya mzee huyu, ambaye ni mtu mwema, ninayemheshimu. Neno la kwanza linasema kwamba fundi alipigwa kwa ajili ya wizi. Neno la pili linasema kwamba alijitafutia. Lakini wizi haukuwako, na mzee alijua haukuwako, kwani simu ilikwisha kuonekana. Basi alijitafutia nini? Neno la pili linalifunua la kwanza. Mtu akiniambia kwamba jambo fulani silo lililoleta fimbo, kisha jambo lile lile analitumia kuzitetea fimbo, haya mawili hayawezi kukaa pamoja.

Katika redio na magazeti ya nchi za nje jambo hili linaitwa homofobia. Neno lenyewe si la zamani. Mmarekani mmoja, mganga wa nafsi, jina lake George Weinberg, ndiye aliyelieneza katika kitabu chake cha mwaka 1972. Fobos kwa Kigiriki ni hofu. Yeye alifikiri hasa juu ya hofu wanayoipata watu wengine wanapokuwa karibu na mtu wa namna hiyo. Tangu wakati ule neno limenenepa, na leo lina maana ya chuki, na dharau, na kunyimwa haki.

Nakiri kwamba silipendi sana neno hili. Anayeogopa nyoka hana kosa. Kama waliovunja mlango ule walikuwa wagonjwa wa hofu, basi wangehitaji dawa, si Kitubio. Tena nasema niliyoyaona. Jioni ile nilifika mambo yakiwa yamekwisha kuanza, nikasimama chini ya mwembe ulio ng'ambo ya njia. Katika nyuso za wale waliopiga sikuona hofu. Niliona furaha, kama ya watu waliopewa ruhusa. Hofu ilikuwako, lakini ilikuwa ng'ambo hii, chini ya mwembe. Niliogopa kwamba nikipaza sauti, watu wataniuliza: «Nawe, Mwalimu, wamtetea kwa nini?» Nikakaa kimya mpaka mkubwa wa kartie alipofika. Kwa hiyo pengine Mmarekani yule aliona kitu cha kweli, ila hofu aliyoitaja inawakaa zaidi wale wanaotazama.

Basi, kitu gani kinahesabiwa kuwa homofobia mtu wa namna hii anaposhambuliwa? Nimesikia majibu mawili, na yote mawili yanapotea.

Wengine husema: yeyote asemaye kwamba matendo ya namna hii ni dhambi, huyo amekwisha kuchukua fimbo. Hapana. Eklezya inafundisha kwamba ulevi ni dhambi, na wala haimpigi mlevi. Inafundisha kwamba mume na mke waliotengana hawawezi kuoa wala kuolewa tena, na watu wa namna hiyo tunakaa nao kila Dominika, tunawakopesha chumvi. Katekisimu ya Eklezya Katolika ya mwaka 1992 inasema wazi kwamba matendo haya hayapatani na sheria ya maumbile. Mimi ni katekista, nafundisha hayo. Walakini katika sehemu ile ile, namba 2358, Katekisimu inaagiza kwamba watu hao wapokewe kwa heshima, kwa huruma na kwa upole, na kila alama ya kuwabagua pasipo haki iepukwe. Wengi wa wasomaji wetu wanaijua namba ya kwanza kwa moyo. Ya pili hawajaisikia, na kosa ni letu sisi tunaofundisha.

Wengine husema kinyume: homofobia ipo tu ikiwa mshambulizi mwenyewe ametamka, «nimempiga kwa kuwa ni mtu wa namna hii». Kama amechukua fedha, basi ni wizi tu. Kama alikuwa mlevi, ni pombe. Kama waligombana, ni ugomvi. Jibu hili lafanana na haki, maana linataka ushahidi. Lakini linasahau jinsi moyo wa mtu ulivyo. Mwanadamu ni mara chache anafanya ovu kwa sababu moja.

Hapa lazima nirudi seminari kidogo, mnisamehe. Tulifundishwa kwamba wema au ubaya wa tendo unatoka katika chemchemi tatu: jambo lenyewe linalotendwa, nia ya mtendaji, na hali zinazolizunguka tendo. Hali nyingine haziligeuzi tendo. Ukiiba kuku mweusi au kuku mweupe, umeiba kuku. Hali nyingine zaongeza uzito tu: kumwibia mjane ng'ombe ni vibaya kuliko kumwibia tajiri ng'ombe. Lakini ziko hali zinazoligeuza tendo liwe dhambi ya namna nyingine. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa yake, anatoa mfano wa mtu anayeiba mahali patakatifu. Huyo hakuiba tu, bali amefanya kufuru.

Fikirini vizuri juu ya mwizi huyo. Anachukua kalisi ya altare akaiuze. Mungu hamchukii. Pengine hata anapiga goti akiipita Tabernakulo, kwa mazoea. Anataka fedha, basi. Je, tutasema hakuna kufuru, kwa kuwa nia yake ilikuwa fedha? La. Alijua ni kalisi, akaishika kana kwamba ni kikombe cha bati. Kufuru haikuwa katika chuki ya moyo wake, bali katika namna alivyokihesabu kitu kitakatifu: si kitu.

Na mtu je? Mtu ni mfano wa Mungu. Hata Katiba ya nchi yetu, ya tarehe 18 Februari 2006, katika artikulo ya 16 inasema kwamba mtu ni mtakatifu, na kwamba Serikali inapaswa kumheshimu na kumlinda. Katiba hiyo hiyo, artikulo ya 40, inajua ndoa ya mume na mke peke yake. Walioiandika hawakuona kwamba artikulo moja inaifuta nyingine.

Hebu tutazame mambo yaliyotokea kweli, yaliyohukumiwa mbele ya watu wote.

Mwaka 1998, katika mji wa Laramie, Marekani, alikuwako mwanafunzi wa miaka 21, Matthew Shepard, aliyejulikana kuwa mtu wa namna hii. Usiku wa tarehe 6 Oktoba vijana wawili walikutana naye katika baa, wakamchukua katika gari lao. Walimnyang'anya mkoba wa fedha, wakampiga kwa kitako cha bastola, wakamfunga kwenye ua nje ya mji, wakamwacha katika baridi. Alikaa pale kama saa 18. Mtu wa baiskeli aliyemwona alidhani kwanza ni sanamu ya kufukuzia ndege. Alikufa tarehe 12 Oktoba. Vijana wale walifungwa maisha.

Tangu siku zile watu wa Marekani wanabishana. Wengine wanasema: ilikuwa chuki. Wengine wanasema: hapana, walitaka fedha, na mmoja alikuwa ameharibiwa na madawa ya kulevya, kitabu kizima kimetolewa mwaka 2013 kushikilia hayo. Sitaki kuwa hakimu wa mambo ya mbali. Lakini tuseme ni fedha. Katika kesi ilisemwa kwamba vijana hao walijifanya kuwa watu wa namna yake kusudi awafuate. Tena mtetezi wa mmoja wao alitaka kuwaeleza waamuzi kwamba kijana yule aliyekufa alimgusa mteja wake, na kwamba jambo hilo lilimtia wazimu. Hakimu alikataa utetezi huo. Basi tazameni: hali yake ilikuwa mlango wa kuingilia, na baadaye ilitakiwa iwe mlango wa kutokea. Fedha zilikuwa ndani ya nyumba, sawa. Hata hivyo nauliza: fimbo zile zote, na kile kifungo kwenye ua, zilikuwa za lazima ili kupata mkoba?

Neno moja ninaliongeza, maana si rahisi kulisahau. Baba na mama yake walikubali kwamba aliyempiga zaidi asinyongwe.

Lakini haki inataka tuseme na upande wa pili. Mwaka 2016, tarehe 12 Juni, katika mji wa Orlando, Marekani, mtu mmoja aliua watu 49 katika nyumba ya dansi iliyokuwa ya watu wa namna hii. Dunia nzima ilisema mara: homofobia. Katika kesi ya mwaka 2018 mambo yalionekana kuwa magumu zaidi. Mtu yule alikuwa amejiapiza kwa kundi la wauaji wanaojiita Dola ya Kiislamu. Alikuwa ametafuta kwanza mahali pengine pa kuua. Wala haukuonekana ushahidi thabiti kwamba alijua watu wa nyumba ile ni nani. Kilio cha wale wazazi hakipungui kwa hiyo hata kidogo. Lakini sitamshitaki mtu, hata mwuaji, kwa dhambi ambayo haijaonekana kwamba aliitenda. Ana nyingine za kutosha. Na vivyo hivyo mwizi wa usiku anayemnyang'anya mpita njia asiyemjua, na mpita njia huyo akawa mtu wa namna hii, hakutenda homofobia. Tukiliita kila jeraha kwa jina hilo, siku ya jeraha la kweli jina halitakuwa na nguvu.

Karibu na kwetu zaidi ni habari ya David Kato, wa Uganda. Alikuwa mwalimu, na aliwatetea hadharani watu wa namna hii. Mnamo Oktoba 2010 gazeti moja dogo la Kampala lilitoa picha na majina ya watu kama hao, pamoja na neno la kutaka wanyongwe, na picha yake ilikuwamo. Yeye na wenziwe wawili wakaenda tribinali, wakashinda. Majuma machache baadaye, tarehe 26 Januari 2011, alipigwa kwa nyundo nyumbani mwake huko Mukono, akafa. Polisi walisema: si chuki, ni jambo la wizi, kisha wakasema ni ugomvi wa watu wawili. Mtu mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 30 mwaka ule ule.

Tuseme tena: polisi walisema kweli. Sijui moyo wa mwenye nyundo, wala simhitaji kwa yale ninayotaka kuonyesha. Nendeni mazikoni. Tarehe 28 Januari watu walikusanyika kijijini kumzika, na mchungaji wa Kianglikana aliyeitwa kusoma sala akaanza kuwahubiria waliokuwako juu ya Sodoma na kuwaambia watubu. Ghasia zikatokea. Watu wa kijiji wakakataa kulizika jeneza, na rafiki zake wakalichukua wenyewe hadi kaburini. Askofu mzee wa Kianglikana, aliyekuwa ameondolewa katika kazi yake kwa ajili ya kuwasaidia watu hawa, ndiye aliyemwombea mwishoni. Wasomaji, sisi watu wa Maziwa Makuu tunazika wezi. Tunazika wachawi. Tumewazika waasi waliotuchomea vijiji. Mtu mwenye nyundo hakuwa na neno mazikoni pale. Alikuwa mmoja, naye hakuwako. Lakini homofobia ilikuwako, imesimama kando ya shimo na mikono yake nyuma.

Kwa hiyo ningesema hivi. Kwanza ondoa katika mawazo yako ile hali ya mtu, uache mengine yote kama yalivyokuwa: ile simu, ule mlango, ile jioni, wale watu. Je, fimbo zinabaki? Kama zinabaki, tafuta sababu yake mahali pengine. Kama zinaanguka, au zinapungua, au kama mtu wa kwanza kusema «tumwulize kwanza» anaonekana, basi umeipata. Pili, usitazame tu saa ya kupigwa. Tazama kabla yake, nani alichaguliwa na kwa nini alionekana rahisi. Mnyang'anyi anayejua kwamba fulani hawezi kwenda polisi kwa sababu ya aibu, akamchagua kwa hiyo, hana haja ya kumchukia. Anakopa chuki yetu, anaifanyia biashara. Na tazama baada yake, nani alitafutiwa daktari, nani alizikwa, nani aliambiwa kwamba alijitafutia.

Pengine mtaniuliza: Eklezya yasema nini juu ya kushambuliwa kwenyewe? Imesema zamani. Barua iliyotolewa Roma tarehe 1 Oktoba 1986, yenye sahihi ya Kardinali Ratzinger, aliyekuja kuwa Papa Benedikto XVI, inahukumu waziwazi jeuri ya maneno na ya matendo juu ya watu hawa, na inataka wachungaji waihukumu popote inapotokea. Ni kweli kwamba barua hiyo hiyo inaongeza mara neno jingine: kwamba watu wakitaka matendo haya yahesabiwe kuwa mema, tusishangae jeuri ikizidi. Neno hilo limenisumbua tangu seminari. Wapo wanaolisoma kama udhuru wa wapigaji. Mimi nalisoma kama mganga anayesema homa inatoka wapi, hasifu homa. Lakini nakubali kwamba si neno la kusemwa mbele ya mtu aliyelala dispensere na mdomo umevimba, na ningetamani lisingeandikwa karibu hivyo na lile la kwanza.

Papa Fransisko, siku chache kabla ya kuja kwetu Kinshasa mwaka 2023, alisema kwamba kuwa mtu wa namna hii si jinai. Alifika tarehe 31 Januari, akaadhimisha Misa kubwa ya Ndolo, akawasikiliza wahanga wa vita vya kwetu mashariki mmoja mmoja. Tarehe 5 Februari, katika ndege ya kurudi kutoka Juba, aliulizwa tena, akajibu vile vile: ni watoto wa Mungu, na kuwatia hatiani kwa sheria si haki. Maaskofu wa Afrika, kwa barua ya tarehe 11 Januari 2024 yenye sahihi ya Kardinali Ambongo wa Kinshasa, walikataa kuwabariki watu wawili wa jinsia moja kama mume na mke. Kwetu watu walishangilia, nami sikuhuzunika. Walakini barua hiyo inasema pia kwamba watu wenyewe waheshimiwe. Hapo sikusikia vigelegele.

Siku ya posho kijana akarudi. Kabla sijaanza kumweleza mambo ya Mtakatifu Tomaso, akanena neno lililonikata miguu: «Mwalimu, wewe ulitufundisha juu ya Sodoma. Wakati tulipokuwa tunavunja mlango, mimi nilikuwa ninafikiri juu ya Sodoma.»

Tulifungua Kitabu cha Mwanzo, mlango wa 19, tukausoma polepole, kama vile nilivyopaswa kuusoma nao tangu mwaka ule wa kwanza. Ni usiku. Nyumba imefungwa. Ndani kuna wageni wasio na mtetezi ila Loti. Nje wamekusanyika watu wa mji, vijana kwa wazee, wanapiga makelele watolewe nje wafanyiwe jeuri. Wanakaribia kuuvunja mlango. Nilimwuliza: «Ninyi mlikuwa upande gani wa mlango?» Hakujibu. Nikamwonyesha pia nabii Ezekieli, mlango wa 16, anapohesabu makosa ya Sodoma: kiburi, shibe, kutomsaidia maskini. Machukizo anayataja pia, siwafichi. Lakini hakuanza nayo.

Naye, kwa kuwa ni kijana wa akili, akaniuliza juu ya Mashahidi wa Uganda. Kwani si walikufa kwa ajili ya jambo hili? Ndiyo, kwa sehemu. Karoli Lwanga aliwalinda watoto wa nyumba ya kabaka Mwanga wasichafuliwe, na tarehe 3 Juni 1886 alichomwa moto Namugongo. Papa Paulo VI aliwaandika wote 22 katika hesabu ya Watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Lakini Lwanga alikataa dhambi kwa mwili wake mwenyewe. Hakukusanya watu, hakuvunja mlango wa mtu. Namugongo, wenye kuni na moto walikuwa ndio wengi.

Sasa jibu la swali lake. Mtaguso wa Trento ulifundisha mwaka 1551 kwamba katika kuungama tunapaswa kutaja zile hali zinazogeuza namna ya dhambi. Aliyeiba kalisi haungami tu, «niliiba kitu». Nikamwambia: «Basi jiulize wewe mwenyewe, mimi siwezi kukujibia. Kama ungempiga fundi yeyote kwa ajili ya simu ile, sema: nilimpiga mtu. Lakini kama ulimpiga yeye kwa kuwa ni yeye, kwa kuwa ulifikiri kwamba yeye anaweza kupigwa, huwezi kuliacha nje. Ni dhambi nyingine.» Aliinamisha kichwa. Akasema: «Mwalimu, hata simu yenyewe sikujua ni ya nani.» Akaenda kanisani. Aliyoyasema huko si yangu. Mimi nilikwenda baada yake, na habari ya mwembe.

Iliyobaki ni malipo, na hapo ndipo jambo hili lilipokwama. Haki inadai kwamba aliyeharibu alipe, na aliyemvunjia mwenziwe jina alirudishe. Paroko aliwaita wazazi wa vijana. Cherehani ilikadiriwa dola 120. Wanne walikubali. Baba mmoja, mtu wa Misa ya kila Dominika, alisimama akasema: «Mimi nilipe cherehani ya pede?» Mama wa unga alikuwapo. Akamwuliza kwa upole sana: «Baba fulani, ingekuwa cherehani ya fundi mwingine, ungelipa?» Akajibu: «Bila shaka. Deni ni deni.» Akakaa. Nafikiri alijisikia mwenyewe, maana hakusema tena, lakini hakulipa.

Ninapoandika zimepatikana dola 85, zimo katika bahasha kwa paroko. Mama yake fundi amekuja mara mbili. Habari ya fedha hakuiuliza. Aliuliza kama kuna mtu atakayesimama mbele ya shirika na kusema kwamba mwanawe hakuiba. Tumepanga kukutana tena Dominika ya pili ya mwezi ujao, na jina langu limeandikwa kwanza.